Sanduku la Bibi Harusi Lilivyoliliwa Makambako

Leo nimeaibika. Sisemi aibu ya kujikwaa sokoni. Nasema aibu ya kuwaliza watu wazima, mchana kweupe, mbele ya ukoo wa watu, pale Makambako, kwa kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Sogezeni huo moto. Nipeni chai. Anayetaka kucheka atoke nje kabisa, akachekee kwenye ukungu.

Nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtaniona mwendawazimu. (Mwishoni pia mtaniona, lakini angalau mtajua sababu.)

Nilipofika Njombe hapa kutoka kwetu Tandala, nilikuwa najua kuchonga vigoda, mipini ya majembe na milango. Fundi Kilasi akanipokea kwenye karakana yake nyuma ya soko. Siku ile ile akaniambia, "Elia, huku mjini mlango kufunga tu haitoshi. Watu wanataka urembo."

Urembo! Kwetu mlango ukizuia baridi na fisi, umeshapendeza.

Basi nikaanza kuutafuta huo urembo. Mlikuwa bado hamnijui. Jioni nilikuwa natoka kazini nazunguka peke yangu, mikono kwapani, naangalia. Mji usiokujua unakufundisha kuangalia vitu, kwa sababu watu wake hawakuangalii. Niliangalia nondo za dirisha la duka la Mhindi, zilivyopindwa kama mizabibu. Niliangalia kanga za akina mama wanaouza ulezi. Niliangalia ngazi za boma kwa karibu sana mpaka askari akanikamata kola: "Unatafuta nini chini hapo?" Nikamwambia, natafuta urembo. Akanisukuma hadi barabarani.

Lakini jamani, vidole vilikuwa vinawasha! Usiku silali, nawaza mizabibu ya chuma. Nikaanza kuchora kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya sukari. Upweke ulipungua kidogo.

Halafu jioni moja nikapita karakana ya misheni. Mlango uko wazi. Ndani, juu ya vigogo viwili, kuna kitu ambacho sijawahi kukiona maishani. Kirefu. Kipana kwa juu, kinakuwa chembamba kuelekea chini, kama mtu mwenye mabega. Mbao zimepigwa randa zinang'aa. Ukingoni kuna mstari umechongwa, mwembamba, umezunguka pande zote bila kukatika hata mara moja. Nilisimama pale kama nimepigwa misumari.

Fundi wa misheni alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Hiki ni nini?"

"Sanduku."

"La nani?"

"La Mzee Petro. Anaondoka kesho."

"Anakwenda wapi?"

"Kwa Baba."

Nikafikiri, kumbe Mzee Petro bado ana baba! Ukoo wenye umri mrefu. Nikauliza, "Ni mbali?"

Akanitazama. "Ni mbali. Harudi."

"Basi ndiyo maana umelitengeneza imara."

Akaacha randa, akanitazama tena kwa muda mrefu, akaendelea na kazi. (Sasa najua alikuwa ananihurumia.)

Msinikodolee macho! Kwetu mtu akifa anazungushiwa mkeka na blanketi, anapelekwa kulala. Sanduku la mbao ningeliona wapi? Na kuhusu umbo, nilijijibu mwenyewe: juu kupana ni kwa magauni na makoti, chini kwembamba ni kwa viatu. Nikaona Wazungu wana akili.

Haukupita muda, Zakaria, yule karani kijana wa mashamba ya miti ya miwati, akaja karakana. Anaoa Makambako. Anamwoa Neema, binti wa Mzee Mwalongo. Desturi ya nyumba yao, bwana harusi anapeleka kwanza sanduku la nguo kwa akina bibi harusi, shangazi zake walijaze, naye aje nalo siku ya harusi. Fundi Kilasi alikuwa na kazi nyingi, akanisukumia mimi. Kazi yangu ya kwanza peke yangu! Ikipendeza, nipewe meza yangu ya kufanyia kazi. Isipopendeza, nirudi Tandala kwenye mipini ya majembe.

Zakaria akanishika bega. "Elia, nitengenezee kitu ambacho watu wa Makambako hawatakisahau."

Nikamwahidi. (Na ahadi nimetimiza, hilo hakuna atakayenipinga.)

Nililitengenezea chumbani kwangu, Mjimwema, mlango umefungwa, ili mtu asiniibie mchoro. Ndiyo maana hata ninyi hamkuliona. Mabega nikayafanya mapana zaidi, Neema awe na nafasi. Mstari wa ukingoni nikauzungusha mara mbili. Na kifunikoni nikachonga maua ya Kitulo, yale yanayofunika nyanda zote baada ya mvua, ambayo nilikuwa nayapitia utotoni nikienda kwa wajomba. Yale maua yaliniliza kidogo. Niliyakumbuka yote, moja moja.

Mama Rehema, mwenye nyumba wangu, alichungulia siku moja nikiwa napaka mafuta. Akashika mdomo. Tangu siku hiyo ananiletea uji asubuhi bila kuombwa.

"Ni wa wapi?" akaniuliza taratibu.

"Wa Makambako."

"Ameumwa siku nyingi?"

Nikajua anamwulizia baba mkwe, maana ni kweli Mzee Mwalongo kifua kinamsumbua. "Muda mrefu, mama. Lakini wanashukuru."

"Bwana ametoa," akasema, akafuta machozi.

Nikasema moyoni, huyu mama anapenda harusi kweli kweli.

Sasa tuje leo.

Asubuhi nimelifunika shuka jeupe lisipate vumbi. Juu yake nikaweka maua, maana kitu cha harusi hakiendi kitupu. Dereva wa lori alipoliona alivua kofia. Akanisaidia kulipandisha kwa mikono yake mwenyewe, polepole, akaniambia, "Pole sana, bwana."

"Asante," nikamjibu, "kweli nimechoka."

Shangazi yake Zakaria, Mama Eliza, ndiye aliyetumwa kulikabidhi. Ni mtu mzima, alikaa mbele na dereva, amejifunga kitenge kipya, hakuona kilichoko nyuma. Mimi nilikaa nyuma na sanduku, pamoja na akina mama watatu waliokuwa wanapeleka viazi Makambako. Wale mama waliacha kuzungumza. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, ni ndugu yako?"

Nikacheka kwa fahari. "Hapana, mama. Hii ni kazi ya mikono yangu."

Wote watatu wakahamia kona ya mbali ya lori.

Baadaye wakaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, wa polepole mno, nikadhani ni baridi. Nikaitikia sauti ya pili! Dereva naye akawa anaendesha kama amebeba mayai. Njiani watu walikuwa wanashuka kwenye baiskeli. Wazee wanavua kofia. Mwanamke mmoja aliweka mzigo wake wa kuni chini, akainamisha kichwa mpaka tukapita. Nikawa napunga mkono. Jamani, nilikuwa napunga mkono! Nikawaza, kumbe huku nje ya mji watu wanawaheshimu maharusi namna hii.

Tukafika Makambako jua liko juu. Nyumba ya Mzee Mwalongo haiko mbali na njia panda. Uwanja umefagiliwa, shangazi na mama wadogo wamekaa kwenye mikeka wanasubiri, Neema yuko ndani na wenzake. Mama yake Neema akatoka kutupokea, vigelegele viko mdomoni tayari.

Lori likasimama. Akina mama wa viazi bado wanaimba.

Vigelegele havikutoka. Mama yake Neema alitazama shuka. Alitazama maua. Halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, sijui kama nitaacha kuusikia.

"Yohana! Mwanangu Yohana! Wamenirudishia Yohana!"

Akaanguka chini, akainuka, akaja anakimbia bila kanga ya kichwani, akakumbatia lile sanduku hapo hapo kwenye lori. Uwanja mzima ukalia. Shangazi wakajitupa chini. Neema akatoka ndani analia "Kaka! Kaka!" Nami nikalia. (Sikujua nalia nini. Watu wote wanalia, ningefanyaje?)

Mama Eliza akashuka mbele, akaona kilichoko nyuma, akawa mweupe kama unga. Akaninong'oneza huku amenibana mkono hadi ukauma, "Yohana ni kaka yake Neema. Alikwenda manamba, mkonge wa Tanga. Miaka mingi hakuna salamu. Elia! Umeleta nini hapa?"

"Sanduku la nguo, Shangazi."

"Hili ni jeneza!"

Ndugu zangu, mtu anaweza kusikia neno moja na kuona miezi yake yote ikipita mbele ya macho. Mzee Petro. Kwa Baba. Harudi. Uji wa Mama Rehema. Nilitamani nilale humo ndani mimi, wanifunge.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Vijana walishalishusha, wameliweka katikati ya uwanja. Mama anataka kumwona mwanawe. Nikasema, "Mama, subiri kidogo..." Nani anisikilize? Kifuniko changu cha maua ya Kitulo kikainuliwa.

Tupu.

Kilio kikakatika kama kamba. Mama yake Neema akaingiza mikono, akapapasa mbao hadi chini, pale nilipopanga pakae viatu. Akaniinulia uso. Akaniuliza kwa sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ilinimaliza kuliko ukelele.

"Mmemweka wapi?"

Nikapiga magoti. "Mama, hakuna mtu. Sina habari za Yohana. Hili ni sanduku la nguo za Neema. Nililiona misheni, nikalipenda. Sikujua."

Kuku peke yake ndiye aliyekuwa anazungumza.

Mjomba mmoja akasema nipigwe. Mwingine akasema aitwe mchungaji kwanza, kipigo kifuate. Nikamtazama Mama Eliza aniokoe. Akajitanda kitenge vizuri, akatangaza, "Mimi huyu simjui. Tumepanda gari moja tu."

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka, na Mzee Mwalongo akatoka, amejifunga blanketi, anashika ukuta. Watu walisema hajatoka kitandani tangu baridi ianze. Akauliza, "Nani amekufa?"

Akanifikia pale nilipopiga magoti. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee."

Akaeleweshwa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Alicheka, akakohoa, akacheka, akakohoa, mpaka wakamkalisha kwenye kigoda. Alipopata pumzi alipapasa kifuniko. Akafuata ua moja kwa kidole, polepole, mpaka kwenye kikonyo.

"Umechonga vizuri," akasema. "Liacheni hapa hapa. Halikukosea nyumba, limekosea mtu tu."

"Baba!" Neema akalia.

"Nyamaza, mwanangu. Wote tunajua." Akaomba kamba ya kupimia. Nilimpima mimi mwenyewe, mzee amekaa kwenye kigoda, na ukoo mzima unatazama. Akaniuliza kama mabega yatatosha. Nikasema yatatosha. Maana niliyafanya mapana.

Nilipokuwa naondoka, mama yake Neema alinifuata hadi barabarani. Nilijua sasa napigwa. Akasimama tu, macho yamevimba.

"Miaka yote hii sijamlilia," akasema. "Nilikuwa naogopa kwamba nikimlilia, ndiyo nimemzika. Leo umeniliza." Akafuta macho kwa kanga. "Usirudi tena hapa bila kuitwa."

"Sawa, mama."

Nimerudi na lori lile lile. Dereva hakuniamkia. Mama Eliza alikaa mbele, hakugeuka hata mara moja. Harusi imesimama mpaka mchungaji aende kuombea ile nyumba, na hata hapo wajomba watakaa kikao. Fundi Kilasi hajajua. Zakaria naye hajajua. Yuko shambani kwenye miwati, anajisifu kwa wenzake kwamba sanduku limefika.

Sina mafunzo mengi. Ukikipenda kitu mjini, kabla hujakiiga, uliza kwanza ndani kinawekwa nini. Na ukijibiwa kwa neno moja, uliza tena.

Asubuhi lazima nikamwambie Zakaria mwenyewe, kabla Mama Eliza hajamfikia. Naomba mmoja wenu anisindikize. Awe na mbio, na awe asiyecheka. Nawaona wote mmeinamisha vichwa na mabega yanatikisika. Basi. Nitakwenda peke yangu.