Glasi ya Bi Mavis

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Mwandishi ametuongezea sisi wateja wa baa maneno matatu. Kengele ya kufunga inalia, mteja mmoja anasema, "Bado nina kiu!" Mwaka wa tatu huu nakaa kwenye baa ya uongo ya kipindi cha televisheni, studio ya Salford, nikichezesha mdomo bila sauti ili waigizaji wakubwa wasikike. Effie wangu, miaka miwili, akitazama kipindi humwona mbwa wa baa tu. Mama yake hamwoni. Maneno yale ni yangu. Tatizo: Clive, mwongozaji, anataka kumpa Bi Mavis, mwenye stuli ya kaunta miaka kumi na mmoja. Ndiye anayenilelea Effie kila Jumamosi. Hilo nisiliwaze.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu. Bia yetu ni maji na sukari iliyounguzwa. Onyesho likirudiwa, kila glasi iwe imejaa vilevile. Philippa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hilo, huzipiga picha zote, ana macho ya polisi. Bi Mavis alipokwenda msalani, nikagugumia robo ya glasi yake. Kichefuchefu! Philippa akaja juu: nani kamruhusu bibi kunywa? Bi Mavis akasema hakunywa. Kisha akasema labda. Mimi nikatazama dari.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudia. Mara mbili. Clive akasema bibi apumzike nyuma ya nguzo, mimi Kerry nihamie kwenye stuli. Maneno nimepewa! Ushindi!
Tukitoka, Bi Mavis akanishika mkono. "Usimwambie mtu, kipenzi. Marehemu mume wangu Stan naye alianza kusahau hivihivi." Ameomba miadi kwa daktari wa kumbukumbu.
Chipsi zimenishinda. Effie kazimaliza.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nakiri. Asubuhi Bi Mavis alikuwa na watu. Mchana alikuwa anakula. Jioni alikuwa anamfumia Effie soksi, ningeanzia wapi? Nikaandika barua bila jina: "Huna ugonjwa wowote. Ni mimi, rafiki." Nikaitia kwenye koti lake. Akaisoma, akaniuliza kwa sauti ndogo kama huenda amejiandikia mwenyewe.
Mungu wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Kurekodi. Watazamaji mia tatu. Kengele ikalia. Nikasema maneno yangu kwa moyo wote. Kimya. Clive akauliza mbona sisemi. Nimesema! Kumbe mdomo umefunguka, sauti imebaki nyumbani. Mazoea ya miaka. Tukarudia. Vilevile. Mara ya nne, kutoka nyuma ya nguzo, Bi Mavis akapaza sauti: "Bado nina kiu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Clive akasema imepita: mdomo wa Kerry, sauti ya Mavis.
Kwenye ujia nikamwambia yote. Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na barua. Akafunga skafu yake polepole.
"Siku tatu nimekuwa nikijiaga, Kerry."
Kerry. Si kipenzi. Akaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne, hakuja. Saa tano, hakuja. Effie kakaa mlangoni na viatu vyake, kavivaa kinyume, anamwita. Nikamvua. Akavivaa tena. Nililia nikiosha vyombo, nikamwambia ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Jumapili, 9 Machi
Kaja! Kasema kamfuata mtoto, si mimi. Miadi kaifuta. Nikamtilia chai. Akasogeza kikombe chake mbali nami, akakifunika kwa kiganja mpaka akamaliza. Nilistahili.
Nimeapa: sitamchezea tena binadamu yeyote. Nimekoma kabisa.
Wameondoka kwenda bustanini, nimekaa nikawaza. Effie humwona mbwa. Mbwa angelala mapajani mwangu, Effie angeniona na mimi. Ila kwenye kipindi mbwa hulala mapajani mwa mzee Terence, mteja mwenzetu. Na mbwa si binadamu.
Nimenunua soseji sita.