Lebo ya Maziwa Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata wazo. Friji ya duka la kona ina nafasi ya maziwa ya mtu mmoja tu, na Jumamosi mwenye duka ataamua: yangu au ya shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, ana ng'ombe watatu na majivuno ya kundi zima. Mimi ninaye mmoja, ila kichwa ninacho. Nimesoma kwamba kuna ng'ombe huchomwa sindano za homoni ili watoe maziwa mengi. Wangu hajachomwa hata siku moja. Kwa nini nisiseme? Nimechapisha lebo: HAYANA HOMONI. Herufi nyekundu.

Jumanne, 4 Machi
Chupa zote zimebandikwa. Mke wangu kauliza homoni ni nini. Nimemweleza kwa kirefu. Kauliza tena. Nikaenda kukamua.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mwalimu, mteja wangu wa siku zote, kataka kujua homoni nimeacha kutia lini. Nikasema sijawahi. Akasema mbona wiki iliyopita hukuandika? Fundi cherehani kakumbuka kwamba mwanawe ameota ndevu mapema, akanitazama vibaya. Wote wamehamia kwa shemeji. Chupa zake hazina lebo, kwa hiyo hazina kesi.

Alhamisi, 6 Machi
Afisa mifugo kapita. Kasema maziwa yote yana homoni za asili, hata ya mama anayenyonyesha, hivyo lebo yangu ni uongo. Kama ni lazima, niandike kwamba ng'ombe hakuchomwa sindano. Nimebishana naye kidogo, kisha nikabandua zote. Vidole vimegandana kwa gundi. Roho inaniuma. Ng'ombe huyu ndiye anayemsomesha binti yetu.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu, bila kuniuliza, kawaita wateja zizini watazame akikamua. Kachemsha, kawaonjesha. Mwalimu kaomba kikombe cha pili. Fundi kanisalimia.

Jumamosi, 8 Machi
Nafasi ni yetu! Mwenye duka kasema wateja wenyewe wameyaulizia. Nimefurahi mpaka nikampa mkono shemeji. Mke wangu kasema sasa tunyamaze, maziwa yajisemee. Ana akili sana huyu mwanamke. Nimekubali.
Ila chupa isiyo na lebo ndani ya friji nzuri vile haipendezi. Nimeshapita kwa mchapaji. Lebo mpya zitakuwa tayari Jumatatu, herufi kubwa kuliko zile: HAYAJATIWA MAJI.