Sahani Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Tunafanya kazi maabara moja; hata kuta zake naziona nzuri. Mume wangu amechanganya peptidi mbili, vijipande vya protini. Moja huziita seli, nyingine huzipa nguvu. Ametumia seli zilizozeeka, akakwangua mstari katikati yao, ukabaki mwanya mtupu. Je, peptidi mbili pamoja zitaziba mwanya upesi kuliko kila moja peke yake? Mbili pamoja. Kama sisi!

Sahani nne: mchanganyiko, peptidi ya kwanza, ya pili, maji matupu. Zina namba tu. Siri iko kwa Mkuu wa maabara, ndani ya bahasha. Mimi napima mwanya.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia hadubini nikasahau kupumua. Seli kongwe, lakini zinatambaa, zinanyoosha ncha kutafuta nyingine ng'ambo. Namba nne inaongoza kidogo. Ni yetu, moyo umeniambia. Nimeiweka nyuma kabisa ya kabati la joto, nyingine nikazisogeza mlangoni.

Miwani, mwenzetu wa maabara anayeshikilia kuwa peptidi moja yatosha, ameuliza mbona nafungua kabati kila mara kama friji ya mwenye njaa. Nikamwambia ashike hamsini zake.

Alhamisi, 6 Machi
Namba nne imeziba. Mstari haupo, kama haukuwahi kuwepo. Nimelia juu ya hadubini.

Mkuu akafungua bahasha. Namba nne ni maji matupu. Mchanganyiko umeshika mkia. Miwani alicheka hadi akakaa chini. Mkuu akasema kesho anaufunga utafiti. Mume wangu hakugusa chakula. Aliniambia, "Mke wangu, labda nilikosea tangu mwanzo."

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri kwa Mkuu. Kila nilipofungua kabati, za mlangoni zilipigwa baridi. Akaniuliza: "Bibi harusi, mmoja umemfunika blanketi, watatu umewalaza nje, halafu unauliza nani kapona?" Utafiti unarudiwa. Kabati lina kufuli. Mimi nimehamishiwa kuosha vyombo.

Mume wangu alininunia hadi jioni, kisha akasema hajawahi kuharibiwa kazi kwa mapenzi kiasi hiki. Nimeichukua kama sifa.

Jumatatu, 10 Machi
Sinki kubwa, dirisha lina jua. Nimekoma kuingilia vipimo, kabisa. Ila chupa za mume wangu nazitambua kwa mwandiko. Za wengine nasuuza mara tatu, kama inavyotakiwa. Zake mara tisa, na mwisho maji ya uvuguvugu, seli zisishtuke. Mkuu hakusema lolote kuhusu chupa.