Ruta Nyuma ya Friza

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri: mtandao wa nyumbani kwetu hauna ubaya wowote. Mzima kabisa. Unakimbia. Mbovu ni mimi.

Ni hivi. Mwalimu Thériault amempa kila mmoja wetu mwenzake wa kuzungumza naye kwa video kila wiki, kutoka shule ya wanaosema Kiingereza kule Fredericton; sisi huku ni wa Kifaransa. Nusu ya kwanza Kifaransa, nusu ya pili Kiingereza. Inarekodiwa. Ina alama. Wangu anaitwa Wendell Gillis. Ana macho ya upole na paka mnene. Kwa kuandika, Kiingereza changu safi. Kwa kusema, mdomo unakwama kama droo iliyovimba kwa unyevu. Na Kifaransa changu cha kuzaliwa nacho, mbele ya Wendell, kinakwama vilevile! Siku ya kwanza aliniuliza ninapenda nini. Nikaona njia moja tu. Nikatulia, mdomo nusu wazi, bila kupepesa macho. Akaita, "Zélie? We Zélie? Umeganda!" Nikakata.

Tangu hapo naganda kila wiki. Nimekuwa fundi. Wiki iliyopita Bibi alipita nyuma yangu na kapu la nguo huku nimeganda. Wendell akataka kujua imekuwaje mimi nimeganda na bibi anatembea. Nikamwandikia kwamba Bibi ana kasi kuliko mtandao wetu. Akakubali! Watu wema ni rahisi kuwadanganya. Inaniuma kidogo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wendell hakati tamaa. Ameandika: nizime ruta, nisubiri, niwashe. Nisiiweke karibu na maikrowevu. Halafu nipime kasi, nimtumie picha ya matokeo, kaka yake anayajua haya mambo.

Nikapima. Balaa! Mshale ulipanda mpaka mwisho wa duara. Picha kama hiyo nitaitumaje?

Mpango. Ruta inakaa sebuleni. Chini ya nyumba, kwenye chumba cha tanuru la kupasha nyumba joto, kuna tundu la zamani la kuchomekea waya wa mtandao. Na kuna friza, imejaa nyama ya yule kulungu mkubwa wa pembe pana ambaye Baba alimpiga risasi kabla ya kurudi Alberta kwenye kazi ya mafuta. Chuma na nyama iliyoganda! Mawimbi gani yatapita hapo? Bibi alipokwenda kanisani nikaishusha ruta, nikaisukuma nyuma ya friza. Nikapima tena chumbani kwangu. Mshale ulitetemeka tu, kama kuku anayeota ndoto. Raha! Nikatuma picha.

Akajibu, "Duh, pole sana. Mnaishije huko?" Nimeisoma tena na tena. Ni huruma ya kweli, ila anayehurumiwa hayupo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sikumfikiria Bibi. Kila Jumanne anacheza karata mtandaoni na dada yake Alvina wa Moncton. Leo alikuwa ameshika karata za ushindi, skrini ikasimama. Ilipoamka, Alvina ameshashinda. Halafu Alvina akapiga simu, nikamsikia mpaka nilipokuwa: "Ukizidiwa sema umezidiwa, mdogo wangu, usisingizie waya!"

Bibi ameacha matusi kwa ajili ya Kwaresima. Akasimama katikati ya jiko, akafumba macho, akataja mboga. "Karoti! Kabichi! Tanipu!" Sijawahi kusikia tanipu ikitamkwa vile.

Jioni, Wendell. Niliganda kweli. Picha ilikatika kabla sijaamua lolote. Ajabu ni kwamba sikufurahi. Nilikuwa nimechana nywele.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Janga! Mwalimu Thériault amesema mazungumzo yote yafike kwake Ijumaa. Kama mtandao wa kina Zélie ni mgonjwa, basi, atamhamishia Wendell kwa Mariette Haché, ambaye mwenzake amejitoa. Mariette! Huyo anaongea hata akipiga mswaki. Akageuka, akanishika bega. "Usijali mwaya, nitakuongelea mimi. Una chochote cha kumwambia?" Darasa zima likacheka. Nilikuwa nacho.

Nikakimbia nyumbani kwenye tope la theluji kuirudisha ruta. Nyuma ya friza kulikuwa na vumbi na soksi ya Baba. Ruta hakuna! Bibi alikuwa ameufuata waya wa ukutani kwa mkono, ngazi kwa ngazi, mpaka akaikuta. Akaniuliza ni nani aliyeizika kule pamoja na nyama. Nikasema Baba. Baba yuko mbali, hawezi kujitetea. Bibi akaguna: "Mwanangu yule! Kichwa boga."

Sasa ruta iko jikoni, juu kabisa dirishani, na Bibi ameizungushia rozari. Ni ileile anayoitundika kwenye kamba ya nguo usiku wa kuamkia harusi, mvua isinyeshe. Na mtandao unaruka! Unafika mpaka banda la kuni. Bibi amempigia Alvina: Bikira Maria amesikia. Nilitaka kueleza kwamba ni kwa sababu imetoka nyuma ya kulungu. Lakini ni nani aliyeiweka nyuma ya kulungu? Nikapiga ishara ya msalaba.

Jioni Bi Imelda wa jirani alibisha hodi, ruta yake kwapani, anauliza ni rozari ya wapi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Sina pa kujificha. Tulirudia mazungumzo ya Jumanne, na Wendell aliingia safi kama yuko ng'ambo ya meza. Niliona mpaka chunusi ya kidevuni. Bibi alikuwa jikoni akimenya viazi, sikio limeelekea kwangu, analinda muujiza wake. Nikiganda, Bikira Maria anaaibika. Na kesho Wendell atakuwa anamsikiliza Mariette.

Watu hudhani nimenyamaza kwa kukosa maneno. Si kukosa. Nina ya lugha mbili, yanasukumana mlangoni kama waumini misa ikiisha, na hakuna anayetoka. Leo lilitoka moja, likavuta mengine. Nilisema, "Tuna kulungu kwenye friza."

Nikajua nimekwisha.

Wendell akauliza, "Mzima?" Nikasema nusu. Akauliza nusu ipi. Nikasema ile isiyokimbia. Akacheka mpaka paka akashuka mezani. Tuliendelea. Kifaransa chake ni kibovu, kibovu kabisa, na hajali! Anakanyaga sarufi kama mtu anayevuka bustani usiku, kisha anaomba radhi na kuendelea. Nilimwangalia nikawaza: kumbe inaruhusiwa.

Mwisho akasema sauti yangu siyo aliyoidhania. Nikauliza alidhania ipi. Akasema, "Ndogo."

Kisha akaniambia darasa lao linakuja kwetu kwa basi Jumamosi ijayo. Ana kwa ana! "Hapo mtandao hautatusumbua," akasema.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mwalimu ameyapokea mazungumzo. Wendell amebaki wangu. Furaha ilidumu mpaka chakula cha mchana.

Ana kwa ana! Ukiganda mbele ya mtu, ataita gari la wagonjwa. Nimewaza sana. Ningeweza kumwambia yote. Angecheka, naamini kabisa angecheka. Hata nilianza kumwandikia. Nikafuta. Nikaandika ujumbe mwingine, nikatuma: sauti imepotea, koo limevimba, daktari amekataza nisiseme neno mpaka Pasaka. Mpango bora kuliko yote! Hauhitaji waya. Nitabeba ubao mdogo na chaki. Kuandika najua.

Ili ushahidi uwepo, nimekohoa mezani tangu supu mpaka chai. Bibi aliinuka, akafungua kabati la juu, akashusha haradali. Anaichanganya na unga, anaipaka kwenye kitambaa cha flaneli, anakufunga nayo kifuani mpaka ngozi iwake. Baba anasema utotoni alikuwa anapona kwa woga tu.

Anapanda ngazi sasa. Anauliza kama nimeshavua fulana. Nimjibu kwamba sina sauti? Kwa sauti ipi? Harufu imemtangulia, macho yananichoma. Ameshika kitasa. Daftari chini ya godo—