Kioo cha Baba na Uchumi wa Kansas

Jumamosi, 8 Aprili

Dada Ardis, naapa kukuandikia yote, hata ya aibu. Shuleni kuna shindano: tueleze viwanda vya ndege vinavyolilisha jimbo letu. Mshindi atasoma mbele ya wabunge, Topeka. Marlys Koehn ameazimwa pangaboi halisi la ndege na mjomba wake. Mimi nina bango na gundi.

Leo familia zilialikwa kiwandani kwa Baba. Kila kifaa cha Baba kina shimo lake kwenye sponji nyeusi ya sanduku. Nimeazima kioo kimoja chenye mpini, kama cha daktari wa meno. Hadi Jumatano tu, siku ya shindano. Kidogo mno! Nani atakikumbuka?

Jumatatu, 10 Aprili

Wamekikumbuka.

Baba hakuja kula. Mama anasema shimo moja la sanduku lake limekutwa tupu, kwa hiyo hakuna ndege itakayosogea. Kifaa kinaweza kuwa kimesahauliwa ndani ya bawa. Wanabomoa sakafu za ndege nne. Watu mia mbili wanatambaa na tochi.

Kioo kiko chini ya kitanda changu, kwenye bango. Nilitumia gundi ile nzuri!

Jumanne, 11 Aprili

Baba alikuja kuoga tu. Alimwambia Mama kwamba kioo kisipopatikana kufikia kesho kutwa, watamnyang'anya muhuri anaopigia kazi yake kuithibitisha. Miaka ishirini na miwili! Nikafungua kinywa kukiri. Nikaomba chumvi.

Baada ya masomo nilipita kwa Bi Schrag, muuza mikate. Trei mbili za mikate ya mdalasini zimemdodea, wafanyakazi hawatoki kula. Akaniambia, "Delfa mwanangu, wale wakikohoa huko, mimi huku nashikwa na homa." Kinyozi alikuwa amelala kwenye kiti chake mwenyewe. Nikaandika hesabu zote: mikate sitini na minne, vichwa sifuri.

Kisha nikapata mpango. Nimekibandua kioo kwa kisu cha jikoni. Kipande cha bango kimeng'ang'ania mpini, si neno. Nimekificha ndani ya mkate wa nyama na kabichi wa Baba wa kesho. Atakiona, atakirudisha kimyakimya. Kwisha!

Jumatano, 12 Aprili

Asubuhi, Baba akiwa ameshaondoka, nikang'amua: kioo kikitoka kwenye chakula chake, mwizi ni yeye!

Shuleni, zamu yangu ikafika. Marlys akauliza kwa sauti kama bango langu limeliwa na panya. Nikalionyesha lile tundu la kioo. Nikasema kifaa kimoja tu kikikosekana, ndege zinasimama, mikate inadoda, kinyozi analala. Sauti ilinitetemeka mno. Waamuzi wakadhani ni uchungu wa jimbo.

Nimeshinda!

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni na msimamizi wake. Alikuwa ameuma kioo mbele ya wakaguzi wote. Kwenye mpini kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wangu: UCHUMI WA KANS. Msimamizi akaniuliza kama herufi zilizobaki ziko kwangu.

Baba akasema tu, "Twende nyumbani."

Alhamisi, 13 Aprili

Ndege zimeanza kusogea. Baba kaachiwa muhuri, lakini haruhusiwi kazini hadi Jumatano ijayo, kwa kutokagua sanduku lake Jumamosi. Hapazi sauti. Heri angefoka! Mimi naandika barua mia mbili za kuomba radhi, kwa mkono. Nimemaliza tisa.

Naogopa, Ardis. Sitarudia kamwe.

Ila mwamuzi mmoja kasema wabunge hupenda kitu cha kushika. Naenda Topeka Jumanne. Muhuri wa Baba uko mezani, kando ya funguo. Mdogo kama kidole gumba, na Baba kazini harudi hadi Jumatano. Nitakuwa nimeurudisha Jumanne ileile jioni.

Je, unadhani atautafuta kabla ya hapo? Nijibu kwa posta ya kwanza.