Michikichi Yangu ya Chini ya Kitanda

Leo nimeaibika. Mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Nyamianda, mbele ya baba wa mchumba wangu. Ninyi wenzangu mlioko Usumbura habari itawafikia tu, basi afadhali muisome kwa mkono wangu kabla watu wa soko hawajaitia chumvi. (Chumvi yenyewe wananunua kwangu.)

Mnamjua Josefina wa Bwegera. Baba yake, Mzee Barihuta, mlimaji wa mpunga, aliniambia tangu siku ya kwanza: "Weye iko muchuuzi. Muntu wa kuuza vitu vya wengine, kesho anabeba muzigo wake anaenda. Unionyeshe kitu kimoja umeotesha na mikono yako, halafu tutaongea mambo ya binti."

Kitu kimoja! Nikawaza: mahindi yanaota hata kwa bahati mbaya. Mimi nitaotesha michikichi. Nje haiwezekani, mbuzi wa jirani wanakula hata ufagio. Lakini moniteri wa kilimo, yule anayetufundisha kulima, alishatuambia kwamba kokwa ya mchikichi inataka joto, unyevu na uvumilivu, na inaweza kulala miezi mitatu kabla ya kuamka. Joto ninalo, jiko liko nyuma ya ukuta wa kitanda. Unyevu, ziwa lile pale. Uvumilivu? Niliwahi kubishania bei ya kofia tangu misa ya kwanza hadi misa ya pili.

Kokwa nilizipata kwa Mama Nabintu, yule anayekamua mawese njia ya ziwani. Alikuwa na marundo mawili. La kulia, bei yake vipande viwili vya sabuni. La kushoto, kipande kimoja.

"Hizi za kushoto, baba, minye nili..."

"Mama, usinieleze," nikamkata. "Ukianza kueleza, bei inapanda."

Nikampa nusu kipande, nikabeba za kushoto. Nikahesabu kokwa: sitini na mbili. Nikahesabu tena: sitini na tatu. (Moja ilijificha kwenye mkunjo wa kaptula.) Nikazilaza katika sanduku la sabuni, nikazifunika kwa pumba za mpunga zilizoloweshwa, nikasukuma sanduku chini ya kitanda.

Wenzangu, hiyo miezi mitatu! Kila mchana, ziwa likianza kung'aa kama bati jipya, nilikuwa nafunga dirisha nusu na kujilaza. Harufu ya pumba zenye uvuguvugu ilipanda polepole kupitia kamba za kitanda. Nikifumba macho tu, michikichi inaota. Inanyanyua kitanda taratibu, bila kelele, nami juu yake. Paa linafunguka kama kifuniko cha kikapu. Naona Ruzizi ikimimina maji yake ya udongo ndani ya maji ya buluu, naona mashamba ya Bwegera, vipande vipande vya kijani. Josefina yuko chini kabisa, anaokota ngazi zilizoiva, matunda ya michikichi yangu, ananipungia mkono. Nami huko juu, katikati ya upepo, nahesabu makuti. Kila kuti mara mbili.

Kuamka, sanduku kimya.

Wiki mbili zilizopita niliongeza pumba mpya. Jumatatu nikachungulia. Kijani! Majani membamba, yamesimama wima kama askari. Moniteri alisema jani la kwanza la mchikichi linafanana na nyasi. Nikahesabu: kumi na nne. Tena: kumi na nne. Nikatuma neno Bwegera. Nikaita na majirani wawe mashahidi. (Hakuna aliyenilazimisha.)

Leo mzee akafika na dada yake, Shangazi Kapitolina, mama mwenye ulimi wa wembe. Nikavuta sanduku hadi kwenye mwanga. Mzee akapiga magoti. Akalishika jani moja kama mtu anayeshika sikio la mtoto mchanga.

"Imeota muzuri," akasema. "Itazaa wakati gani?"

"Miaka minne, mitano, mzee wangu."

"Hii? Miezi mine."

"Mchikichi gani unazaa kwa miezi minne?"

"Ule unaitwa mupunga."

Akang'oa mche. Punje ya mpunga, iliyojificha ndani ya pumba zangu, ilikuwa bado inaning'inia kwenye mizizi, na ganda lake. Shangazi akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Na kokwa?" mzee akauliza. Akaipasua moja kwa jiwe. Ndani, kitu cheusi kilichosinyaa.

Ndipo Mama Nabintu akapenya kati ya mashahidi. "Yesu wangu! Si zile za kushoto? Nilizichemsha, nikazitwanga, nikakamua mafuta yote! Mbichi ilikuwa za kulia. Nilitaka kukwambia, ukanikata!"

"Miezi tatu," Shangazi akalia kwa kicheko, "mukwe wetu ananywesha maji mabaki ya mawese!"

Mlango mzima ukacheka. Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu miche yangu. Kumi na nne. Akahesabu tena. (Hapo nikapata tumaini kidogo.)

"Nilisema kitu kimoja," akasema. "Hapa iko kumi na ine. Lakini umeotesha bila kujua, basi ni nusu ya kazi. Nusu ingine utakuja kumaliza kwangu, ndani ya matope. Musimu muzima."

"Wiki mbili, mzee."

"Musimu muzima."

"Nusu msimu, na chumvi naleta."

"Musimu muzima. Na chumvi unaleta."

Nikakubali. Mimi! Akaifunga miche katika jani la mgomba, wakaondoka. Shangazi alisikika akicheka hadi barabarani.

Baadaye nikajilaza. Ziwa liling'aa vilevile. Zimebaki kokwa sitini na mbili, nimehesabu mara mbili. Nimezinywesha maji kidogo, kwa mazoea tu. Hilo Josefina asilijue.