Mtaa Umenitenga, Dunia Iko Nami

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa! Mtandao wa kimataifa wa kutetea haki ya maji umenipokea kuwa balozi wa kujitolea. Mimi, Alexander Ndalahwa, mwenye kibanda cha kuchaji simu na fotokopi, Mkolani! Tatizo dogo tu. Mimi pia ni katibu wa kamati ya mtaro wa mtaa wetu, na vikao vya mabalozi vinaangukia saa zile zile za kuzibua mtaro.

Nimechagua dunia. Nimemweleza mwenyekiti wetu, Mama Ng'washi, kwamba mtaro ni tawi, mimi nakwenda kupambana na mzizi: nani kaharibu hali ya hewa? Akasema mzizi wa mafuriko ya mtaa huu ni godoro langu lililokwama kwenye kalavati. Kwanza si langu. Langu lilikuwa na maua mekundu. Lile maua yake yamefifia.

Jumatano, 12 Machi

Mtaa mzima mtaroni. Hata mke wangu Evelina katoka, kavaa gambuti zangu. Mimi kikaoni, madirisha nimefunga ili kelele za majembe zisiniharibie hotuba. Nimezungumzia mshikamano. Mama mmoja wa Brazili kafuta machozi!

Pale patamu, jirani yangu Revocatus, fundi seremala, mtu wa kujipendekeza kwa kila mtu, akagonga dirisha. Anaomba koleo langu, eti kwa kuwa silitumii. Nikampa, nikamwomba anong'one. Akashukuru kwa sauti ya mnadani. Wivu huo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesalimia dukani. Kimya. Nimemwambia Mama Ng'washi shikamoo. Aliyeitikia ni mbuzi wake.

Evelina kanieleza. Kikao kimekaa, nimetengwa! Kama kule kwetu Usagara: asiyetoka kwenye kazi ya wote hasalimiwi, haombwi moto, haendewi kwa furaha wala kwa msiba, mpaka awalishe waliofanya kazi. Anachinja, anasonga ugali mwenyewe, anagawa mwenyewe, na haonji hata tonge. Evelina hajatengwa. Yeye kapewa mpaka mchicha.

Ningevumilia, sasa Jumamosi je? Wakwe wanakuja kutoka Shirati kumposa Gladness, binti yetu wa pekee. Nani atawapokea? Revocatus ndiye alikuwa awe msemaji wetu, na viti ni vyake. Gladness kalia mpaka macho yamevimba. Anasema wakwe wakikuta baba hana hata jirani mmoja, watajiuliza ni ukoo wa namna gani huu, na watageuza. Anampenda mno huyo kijana wake, Otuoma. Roho imeniuma, sitanii. Evelina akasema basi songa huo ugali yaishe.

Balozi asonge ugali! Nimekataa katakata.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeiandikia dunia kwamba raia mmoja yuko chini ya vikwazo. Mchana tamko likatoka: Tunasimama na Alexander! Nikapanda jabali lililo nyuma ya nyumba, nikalisoma lote kwa kipaza sauti. Kwa kuwa wamekatazwa kunijibu, hakuna aliyepinga. Limepita kwa kauli moja.

Nikiwa bado juu ya jabali nikapata wazo, nikacheka peke yangu. Majirani hawaji? Basi dunia itakuja!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeazima viti vya plastiki kanisani, nikavipanga sebuleni. Kila kiti na mjomba wake, balozi mwenzangu kwenye skrini: kompyuta ya kibandani, tableti, na simu za wateja zilizoletwa kuchajiwa. Kompyuta nimeivisha kitenge, heshima kidogo. Mzee Odera, baba yake Otuoma, akaingia na ujumbe wake, Otuoma akiwemo, akasalimia kiti kimoja kimoja. Mungu ambariki mzee yule. Akauliza kwa upole hawa ni ukoo upi. Nikasema wajomba, upande wa mama. Evelina akatoka nje.

Mjomba wa Ujerumani akaomba nafasi. Akasema kwa Kiingereza kwamba anapinga vikali binti kubadilishwa na ng'ombe. Nikatafsiri kuwa anawakaribisha chakula. Lahaula! Nilisahau kwamba Otuoma ni mwalimu wa Kiingereza. Akatafsiri upya, neno kwa neno, jasho linamtiririka. Mzee Odera akasema kama wajomba wamekataa, wao hawakuja kugombana, akachukua kofia yake. Nikamtazama mama wa Brazili anisaidie. Kaganda kwenye skrini, mdomo wazi. Wakwe wakaanza kuvaa viatu.

Gladness hakunitazama. Alimfungua beberu tuliyemweka kwa ajili ya wageni, akamkokota mpaka kwa Mama Ng'washi, akapiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote. Akasema faini ya baba hii hapa, na ugali atasonga baba mwenyewe. Akikataa, basi yeye hana baba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia kila neno.

Mama Ng'washi akamwinua, akamfuta magoti kwa khanga yake. Weee! Mara masufuria, mara viti, mara vigelegele! Revocatus akamkimbilia Mzee Odera barabarani, akamrudisha kamshika mkono, akimweleza kwamba yule mjomba ana maradhi ya kichwa tangu utotoni. Mimi nikasonga ugali wa mtaa mzima. Nikagawa. Sikuonja. Posa imekubaliwa. Gladness alikuwa anacheka, nilimwona kupitia moshi, na machozi yakanitoka. Si ya moshi tu.

Jumapili, 16 Machi

Nimetuma ripoti. Nimeandika kwamba balozi alifunga kula mbele ya umma kwa ajili ya haki, na vikwazo vikaanguka kabla ya jua kuzama. Dunia imefurahi mno! Nimealikwa kuhutubia kongamano kuu la mtandaoni mwezi wa nane. Mtaro unamaliziwa Jumatano. Nimemjulisha Mama Ng'washi kwamba nitakuwa na maandalizi.

Asubuhi wazee wametaja tarehe ya harusi. Ni siku ile ile ya hotuba yangu, saa ile ile. Hakijaharibika kitu. Nimemwambia Gladness nitahudhuria kwa simu, aniwekee tu kiti kizuri karibu na Mzee Odera.